Mwanagenzi na Kibao cha Hamsini

Katika rukhsa zote ambazo dola humpa raia wake, sijui iliyo nzito kuliko ile inayomruhusu mtu mmoja kukaa ndani ya chombo cha chuma chenye uzito wa tani moja na zaidi, akakiongoza kupita mbele ya milango ya watu asiowajua, karibu na watoto wasiomwona, kwa mwendo ambao mwanadamu hakuumbwa nao. Na kwa sababu hiyo naona ajabu, na huzuni pia, kwamba katika nchi yetu ya Tanzania mas'ala ya nani apewe leseni ya kujifunza na mas'ala ya mwendo gani uruhusiwe penye makazi yamekuwa yakitazamwa kama mambo mawili yaliyoachana, la kwanza likawa la karatasi na ada, la pili likawa la askari na faini, ilhali kwa hakika ni jambo moja, kwa kuwa mwendo wa gari mbele ya shule huamuliwa na mguu wa dereva, na mguu huo ulifunzwa, au haukufunzwa, katika siku zile za mwanzo alipokuwa mwanagenzi.

Tuyatazame kwanza yaliyoandikwa. Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo asili yake ni ya mwaka 1973, inamkataza dereva kuzidisha kilomita 50 kwa saa akiwa ndani ya mji au mahali penye nyumba za watu, na nje ya makazi inayazuia mabasi na magari makubwa yenye uzito unaozidi kilo 3,500 yasivuke kilomita 80 kwa saa. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomlea mwanagenzi. Akisha kutimiza umri wa miaka 18 hupewa leseni ya daraja H, ambayo watu huiita lena, nayo hudumu miezi 3 na kumruhusu kujifunza barabarani kwa sharti la kuweka herufi L kwenye gari na kuwa na mwalimu kando yake. Baadaye huenda kwa askari wa usalama barabarani akatahiniwa kwa maswali na kwa vitendo, akifaulu hupewa cheti cha umahiri, kisha Mamlaka ya Mapato humtolea leseni kamili, ambayo tangu mwaka 2019 hudumu miaka 5 badala ya 3 ya zamani. Mpango huu una sura ya utaratibu mzuri, wala sisemi kwamba hauna maana. Lakini mtu akiutazama kwa makini huona kwamba ile miezi mitatu ni ukomo wa karatasi tu, wala si kipimo cha mazoezi, na kwamba hakuna mahali panapomtaka mwanagenzi alete ushahidi wa kilomita alizoendesha, wala wa usiku aliotembea kwa taa, wala wa mvua aliyokutana nayo njiani, wala wa soko alilolipita saa ya watu kutoka kazini. Siku anapoipokea leseni yake ya kwanza huwa sawa kabisa, mbele ya sheria, na mtu aliyeshika usukani miaka thelathini, isipokuwa kwa magari ya abiria na ya mizigo, ambayo madaraja yake yana masharti ya ziada.

Mtu anayetaka kujua ni nini hasa kinachofundishwa katika miezi hiyo na aende Raskazone, Tanga, asubuhi ya siku ya kazi, akae chini ya mti mmojawapo ufukweni. Atayaona magari madogo ya shule za udereva yakizunguka polepole katika zile barabara pana zilizo tupu, herufi L nyekundu juu ya paa, na breki ya pili miguuni pa mwalimu. Nilimsikia siku moja mwanafunzi, msichana wa makamo ya chuo, ambaye gari lilimzimikia karibu na nilipoketi, akimwuliza mwalimu wake swali lililonipendeza sana: "Mwalimu, hapa mwendo wake ngapi?" Naye mwalimu, kwa upole kabisa, akamjibu, "Wewe nenda tu, dada, huku trafiki hawaji. Achia klachi taratibu, tia namba mbili." Gari likawaka, wakaenda zao.

Simlaumu mwalimu yule, maana naye ndivyo alivyofundishwa, na ujira wake hutoka kwa wanafunzi wanaotaka kufaulu mtihani. Na mtihani, kama kila aliyeufanya ajuavyo, huuliza maana ya alama zilizochorwa katika kitabu, kisha humtaka mtu arudi nyuma bila kugusa vigingi, aegeshe gari pembeni bila kupanda ukingo, na aondoke kwenye mwinuko bila gari kuserereka. Yote hayo ni mambo ya lazima, walakini ni mambo ya kukitawala chombo, na mtu anaweza kukitawala chombo barabara kabisa huku akiwa hajapata kufikiri hata dakika moja juu ya wale walio nje ya chombo hicho. Jibu la mwalimu lilikuwa na somo zima ndani yake: kwamba mwendo ni jambo kati ya dereva na askari, na kwamba pasipo askari hapana swali la kuulizwa. Msichana yule alikuwa ameuliza habari ya mahali, akajibiwa habari ya polisi. Nina hakika kwamba somo hilo, lililochukua muda mfupi kuliko kuliwasha gari, atakaa nalo miaka mingi kuliko yote aliyofundishwa asubuhi ile.

Matokeo ya somo hilo huonekana wazi katika barabara kuu. Atokaye Tanga kwenda Dar es Salaam hupita Pongwe na Muheza, ambako machungwa hupangwa mafungu mafungu ukingoni mwa lami, akapita Hale, akafika Segera, kisha Kabuku, Mkata, Msata, na katikati ya miji hiyo kuna vijiji ambavyo msafiri hajui majina yake isipokuwa kwa kusoma ubao wa shule. Karibu kila penye makazi pana kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na tarakimu 50 ndani yake, na mbele zaidi pana kingine kinachosema kwamba hamsini imekwisha. Basi, kila msafiri wa njia hii anaijua desturi: gari linalokuja upande wa pili huwasha taa mara mbili, dereva wetu huelewa, mguu wake hunyanyuka, na basi zima hushuka mwendo kwa adabu kubwa, na baada ya mita mia chache tunamwona trafiki amesimama kivulini pa mwembe, tochi ya kupimia mwendo mkononi, naye hutuangalia tu tunavyopita kama watu wema. Konda husema, "Tumemvuka," na injini hunguruma tena. Na aghalabu ni hapo hapo, baada ya kumvuka askari, ambapo makazi hayajakwisha, na watoto wenye mashati meupe na sketi au kaptula za buluu wanatembea mstari mmoja pembeni mwa lami, wadogo wakishikwa mikono na dada zao, maana saa ya kutoka shule haingoji zamu ya trafiki.

Ile tochi imeokoa roho za watu, nami sitaki kunena neno la kuidharau. Kadhalika ule mtambo wa kufuatilia mabasi ambao Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, imeurithi kwa mamlaka iliyotangulia na kuuendeleza, umewafanya madereva wa mabasi ya mikoani wajue kwamba kuna jicho linalowatazama hata porini. Lakini jicho la askari na jicho la mtambo humzuia dereva aliyekwisha kuharibika, wala hayamfanyi dereva mwema. Nazo serikali zote za dunia, hata zenye fedha nyingi kuliko yetu, hazijapata kuwa na askari wa kutosha kusimama mbele ya kila shule kila saa. Hapana budi sehemu kubwa ya kazi hii ifanywe kabla leseni haijatoka.

Wako wasemao kwamba tofauti ya kilomita ishirini kwa saa ni kitu kidogo. Na tuhesabu pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo takriban muda ambao dereva mwangalifu huhitaji ili jicho lione, akili itambue, na mguu uhame kutoka kwenye mafuta mpaka kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 gari hupita mita 8 na ushei katika sekunde hiyo, na breki zikishika vizuri juu ya lami kavu husimama baada ya mita 5 nyingine, jumla kiasi cha mita 13. Maana yake ni kwamba mtoto akiukimbilia mpira wake akaingia barabarani mita 14 mbele ya gari, dereva wa kilomita 30 husimama mbele yake akabaki anatetemeka kwa hofu, ilhali dereva wa kilomita 50, mtu yule yule, mwenye macho yale yale na breki zile zile, humpiga kabla gari halijapungua mwendo hata kidogo. Huyo wa kilomita 80 huhitaji karibu mita 58 ili asimame, nazo ni zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa kiasi cha asilimia 4. Na mwenye kuifahamu hesabu ile ya mita hataona ajabu. Hesabu hii haina ugumu, mtoto wa darasa la sita anaiweza, nayo ingestahili kuwa swali la kwanza la mtihani wa udereva, kabla ya maana ya alama yoyote.

Na hapa ndipo ninapoona upungufu wa sheria yenyewe. Hamsini ni mwendo wa haki katika barabara pana ya mji yenye njia ya waendao kwa miguu na vivuko vinavyoonekana. Lakini mbele ya lango la shule ya kijiji ambayo uwanja wake umeishia kwenye lami, au katikati ya gulio, au penye zahanati ambako mama aliyembeba mgonjwa hawezi kukimbia, hamsini ni mwendo wa mauti. Mataifa yaliyokutana Stockholm mwezi Februari 2020 yalikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, isipokuwa pawe na ushahidi madhubuti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Na mwezi Agosti mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likautangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa nusu angalau. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili likitendeka, kwani Dar es Salaam yenyewe ni shahidi: shirika la Amend, kwa mradi wake uitwao SARSAI, lilizitazama shule ambazo watoto wake walikuwa wakiumia zaidi, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na vibao, na kuhamisha malango yaliyofungukia barabarani, vitu vya gharama ndogo, na kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Kilichofanyika katika shule chache kwa fedha za wafadhili kinaweza kufanyika kwa amri ya sheria katika shule zote.

Upungufu wa pili ni wa vibao vyenyewe. Kuna mahali kibao cha 50 kimesimama peke yake porini, pasipo nyumba wala mtu kwa kilomita nzima, na kile cha kumaliza hakionekani, labda kiling'olewa, labda hakikuwekwa. Na kuna mahali pengine nyumba zimekwisha kuijaa barabara pande zote mbili lakini kibao kimebaki pale kilipowekwa kijiji kilipokuwa na nyumba kumi. Dereva aliyepunguza mwendo mara tatu mahali pasipo na mtu, akatozwa faini ya shilingi 30,000 mara ya nne alipokosa kupunguza, hawezi tena kuamini kwamba kibao kina habari ya kweli ya kumpa; hukitii kwa kumwogopa askari aliye karibu nacho, na pasipo askari hukipita kama apitavyo tangazo la sabuni. Serikali inayotaka vibao vyake viheshimiwe haina budi kuhakikisha kwamba kila kimoja kinasema kweli.

Na nani anayeamua kibao kisimame wapi? Barabara kuu na za mikoa ni dhamana ya wakala wa barabara, TANROADS, za vijijini na mijini ni za wakala mwingine, TARURA, na kila moja ina wahandisi wake na bajeti yake; lakini mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye anayejua kwamba watoto wa kitongoji cha juu huvukia penye mkorosho wala si penye kivuko kilichochorwa, hana mlango wa kubisha ambao unalazimika kumfungukia. Tunajua sote jinsi matuta mengi ya nchi hii yalivyopatikana. Mtoto hugongwa, watu hutoka na majani ya migomba na magogo wakaifunga barabara, polisi huja, mkuu wa wilaya huja, maneno makali husemwa na kujibiwa, na baada ya wiki chache tuta huonekana. Ni jambo la kuumiza moyo kwamba msiba ndio umekuwa barua pekee inayojibiwa upesi.

Wala si wanyonge peke yao ambao barabara imewachukua. Tarehe 12 Aprili 1984 taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Sokoine katika ajali ya gari huko Dakawa, karibu na Morogoro, alipokuwa akitoka Dodoma. Na tarehe 6 Mei 2017 basi dogo lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likaangamiza wanafunzi 32 wa shule moja ya Arusha, walimu wao wawili na dereva wao. Nchi ililia mara zote mbili. Siyataji haya ili nimhukumu yeyote juu ya sababu zake, maana hiyo si kazi yangu. Nayataja kwa kuwa watu wa nchi hii wanajua vema uzito wa jambo ninalolisema, na hawahitaji kushawishiwa kwamba ni zito.

Rai yangu basi ni hii. Leseni ya kujifunza isiwe tena karatasi ya miezi mitatu inayongoja tarehe ya mtihani, bali iwe kipindi cha elimu kisichopungua miezi sita, na mwanagenzi apewe daftari la safari ambalo kila anapoendesha, yeye na mtu aliye kando yake waandike walikopita, saa waliyopita na hali ya njia, mpaka daftari lionyeshe kwamba ameendesha mchana na usiku, penye mvua na penye ukavu, mjini na katika barabara kuu. Jimbo la Victoria nchini Australia huwataka vijana walio chini ya miaka 21 kutimiza saa 120 za namna hiyo. Nasi si lazima tuanze na 120, tungeanza hata na 40, lakini tuanze na hesabu. Baada ya mtihani, mwaka wa kwanza uwe wa leseni ya kati, yenye alama yake juu ya gari, yenye kikomo cha mwendo kilicho chini ya kile cha wengine na katazo la kuendesha saa za usiku wa manane akiwa peke yake na vijana wenziwe. Leseni ya kati ndiyo njia ambayo New Zealand iliianza tangu mwaka 1987, na nchi nyingi zimeifuata baadaye. Mtihani wenyewe utoke viwanjani. Mtahini na aketi kando ya mwanagenzi, waingie barabara kuu, wapite kijiji kizima kutoka kibao cha mwanzo hadi cha mwisho, naye aandike jambo moja kabla ya mengine yote: ni mahali gani mguu wa mwanagenzi ulinyanyuka, na kama ni kwa sababu aliona kibao, au aliona watoto, au aliona askari. Anayejua kuegesha lakini hanyanyui mguu mbele ya shule huyo hajawa dereva, na arudi akajifunze. Na katika sheria kiongezwe kifungu kinachoweka kilomita 30 penye shule, masoko na vituo vya afya, kikizipa halmashauri ya kijiji na kamati ya maendeleo ya kata haki ya kuomba mpaka wa mwendo katika eneo lao, na kumlazimu mwenye dhamana ya barabara ajibu kwa maandishi katika muda uliotajwa, kwa kukubali au kwa kueleza sababu ya kukataa.

Najua yatakayosemwa. Yatasemwa kwanza kwamba vijana wengi hujifunza udereva ili wapate riziki, na kuwachelewesha miezi sita ni kuwanyima mkate. Hoja hii ina insafu ndani yake, na ninaiheshimu kuliko zote. Ndiyo maana naona ada za leseni ya kujifunza zisiongezwe hata senti moja, na daftari likubaliwe hata kama aliyeketi kando ya kijana ni mjomba wake mwenye leseni safi ya miaka mingi, si lazima mwalimu wa kulipwa. Lakini kijana huyo huyo anayehitaji riziki ndiye atakayekaa rumande, au kitandani, au asibaki kabisa, ikiwa atapewa usukani kabla ya wakati. Sembuse yule atakayemgonga. Yatasemwa pili kwamba daftari litaghushiwa, na kwamba wako watu ambao leo wanapata leseni bila kuonana na mtahini. Ni kweli, na ni aibu, na dawa yake si kuacha kufundisha bali ni kumtenga anayefundisha na anayetahini, na kuweka jina la mtahini katika kumbukumbu ya kila leseni, ili dereva wa miezi minne anapoua mtu iwe rahisi kuuliza ni nani aliyeshuhudia kwamba anaweza. Yatasemwa tatu, na wenye malori na mabasi, kwamba vijiji vingi vya kilomita 30 vitaongeza urefu wa safari. Kijiji cha kilomita 2 kwa mwendo wa 50 hupitwa kwa dakika 2 na nusu hivi, na kwa mwendo wa 30 kwa dakika 4; tofauti ni dakika moja na nusu na kidogo. Wekeni vijiji kumi vya namna hiyo kati ya Tanga na Dar es Salaam, itakuwa robo saa na ushei katika safari ambayo basi huichukua saa tano au sita, na msafiri anayeona kwamba robo saa yake ina thamani kuliko mtoto wa Michungwani, kijiji kimojawapo cha njia hiyo, sijui nimjibu nini.

Nimesema habari za gari, lakini pikipiki ndizo zinazonitia hofu kubwa zaidi. Tangu bodaboda ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo, karibu na mwaka 2010, maelfu ya vijana wameingia katika kazi hiyo kwa kujifunza alasiri moja katika kiwanja cha mpira, juu ya pikipiki ya rafiki, na kesho yake abiria yupo nyuma. Herufi L haijapata kuonekana juu ya pikipiki zao, na kuwakamata mmoja mmoja kumegeuka mchezo wa kukimbizana ambao wenyewe unaua. Hawa wafuatwe walipo. Vijiwe vyao vina viongozi, vina daftari za majina, vina michango ya kila siku. Mkufunzi wa chuo cha ufundi cha VETA au wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji akipelekwa kijiweni jioni, pamoja na askari mmoja aliyekuja kufundisha wala si kukamata, vijana ishirini wanaweza kuanza uanagenzi wao pamoja kwa gharama ambayo kila mmoja peke yake asingeimudu. Nimewasikia wengi wakisema wanataka leseni. Kinachowashinda ni njia ya kuifikia.

Fedha za kufanya haya si za kutafutwa mbinguni. Kila siku faini za mwendo hukusanywa pembeni mwa barabara zetu, na sehemu ya fedha hizo ikirudishwa katika wilaya ilikotozwa, kwa ajili ya rangi ya vivuko, vibao na mafunzo ya wanagenzi, hata dereva aliyetozwa atakuwa na kitu cha kukiona anapopita tena. Tena tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, yenye maandamano, hotuba na stika za kubandika vioo vya magari, na kamati za usalama barabarani za mikoa na wilaya huifanyia kazi kwa bidii. Naomba mwaka huu kamati hizo zipunguze hotuba, na kabla shule hazijafunguliwa Januari zitembee kwa miguu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu, kila kipande cha barabara kinachopita mbele ya shule, ziandike kibao kipi kipo na kipi hakipo, kipi kimesimama mahali pasipostahili, na watoto huvukia wapi. Nakala moja ipelekwe kwa mhandisi mwenye dhamana, na nyingine ibandikwe katika ofisi ya kijiji ikiwa na jina la ofisa atakayejibu na tarehe ambayo jibu linatakiwa.